Peleka Mbele, Walisema

Juzi stima iliporudi nilikaa nyuma ya Brayo nikimtazama akicheza mchezo wake kwenye runinga. Brayo ni kijana wa mlango unaofuata wangu hapa mtaani Pipeline, Nairobi, na nyinyi marafiki zake mnanijua vizuri: mimi ndiye Shosho Mwikali anayewafokea mkiacha viatu kwenye ngazi. Mchezo wenyewe ni wa mtu mmoja. Hachezi na mwenzake, ni yeye tu na jitu lake lenye joho refu na ngumi za chuma. Jitu likafika kwenye nyumba fulani. Mlango ukafunguliwa, akatokea mama mzee, akalitazama usoni kwa muda, kisha akafungua kinywa aseme. Brayo akabonyeza kidude. Mama akatoweka, na jitu likawa tayari liko barabarani linapigana.

Nikamuuliza yule mama alitaka kusema nini. Akanijibu bila kugeuka, "Sijui, shosh. Hizo ni stori tu. Mimi huruka, naenda kwa vita."

Sasa nyinyi hawa hawa, Brayo akiwa mmoja wenu, mmekuja kuniambia kwamba mnatunga mchezo wenu, wa shujaa wa mitaa yetu hii ya Eastlands, na kwamba mmesikia zamani nilikuwa nikisimulia sinema, kwa hivyo niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi ile. Haya, nimekubali. Lakini nitaandika ninavyotaka mimi, na asiyeweza kusoma mpaka mwisho aendelee na vita vyake.

Ukumbi wetu wa video ulikuwa karibu na Soko la Burma, nyuma ya mabucha, miaka ya tisini. Ulikuwa wa mabati, wenye mabenchi ya mbao na pazia jeusi mlangoni ili mwanga usiingie. Runinga tuliifungia ndani ya kizimba cha nondo. Wageni walidhani ni kwa sababu ya wezi. Kumbe ni kwa sababu watazamaji wetu walipomchukia adui walimrushia chochote kilichokuwa mkononi, na wengi waliingia na nyama kutoka Burma. Mfupa wa ng'ombe ukitua kwenye kioo, biashara imekwisha.

Waliokuja mchana walikuwa hasa vibarua wa Industrial Area waliokosa kazi siku hiyo. Alfajiri walisimama kwenye mageti ya viwanda, nyapara akatoka akachagua aliowataka, na waliobaki wakarudi kwa miguu. Kurudi nyumbani mapema ni aibu, mke atakuuliza, kwa hivyo walikuja kwetu. Walikuwepo pia madereva, wachonga vinyago, na vijana wa Kaloleni na Shauri Moyo. Sinema nyingi zilikuwa za Kiingereza cha haraka, nyingine za lugha ambazo hata majina yake hatukuyajua. Ndiyo maana ukumbi ulihitaji msimulizi, mtu wa kukaa kando ya runinga na maiki akiwaambia watu kwa Kiswahili kinachoendelea.

Mimi sikuanza na maiki. Nilianza na deki, ile mashine ya kuchezea kaseti. Nilijua kusafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, nikipapasa polepole, maana ukisugua kwa nguvu unakiua. Deki ikila kaseti, usiivute kama mtu anayeng'oa mihogo. Unafungua kifuniko, unaulegeza utepe kwa kidole, halafu unaurudisha ndani ya kaseti kwa kuzungusha gurudumu na biro. Ukikatika, unaubandika kwa selotepu upande wa nyuma, kamwe si upande unaosomwa. Najua mambo haya hayana faida kwenu leo, lakini yalinilisha na siwezi kuyaficha.

Aliyeshika maiki alikuwa Mzee Wambua. Alikuwa karani wa ghala kabla ya kustaafu, tena mzee wa kanisa, mwenye koti la kaki na sauti nzito inayokwaruza. Mama yangu aliimba kwaya kanisa hilo hilo, na aliposikia ninafanya kazi kwenye ukumbi wa video alitangaza kwamba nimepotea. Mzee Wambua alimwendea mwenyewe, akanywa chai yake, akamwambia kwamba nikiwa karibu na yeye sitaweza kupotea hata nikitaka kwa sababu anaongea mno. Mama akakubali shingo upande.

Kila asubuhi, kabla ya watu, mzee alitazama sinema ya siku hiyo bila kusema neno. Sinema za majitu yenye nguvu ndizo zilizojaza ukumbi: mtu anapaa, mtu anainua lori, mtu anapigwa risasi na risasi inapinda. Mimi nilidhani hizo ndizo rahisi kusimulia. Mzee alinisahihisha siku ya kwanza kabisa. Alisema kila mtu ana macho, ameona lori limeinuliwa, sasa wewe kazi yako ni nini? Waambie wasichokiona. Na ili ukijue wasichokiona, jiulize mambo mawili kuhusu staringi wako. Staringi ndilo jina tulilomwita shujaa wa sinema. Jiulize anaogopa nini, na nani anamngoja nyumbani. Akiwa hana cha kuogopa na hana anayemngoja, huyo ni winchi, si mtu.

Hayo maneno yaandikeni ukutani mnapotungia huo mchezo wenu. Nimetazama michoro mliyonionyesha. Shujaa wenu anatoa moto kwa macho na anaruka kutoka ghorofa moja ya Pipeline hadi nyingine. Vizuri. Nguo za mama yake ziko kwenye kamba gani? Nani humwambia amechelewa? Mkaanza kucheka.

Majina nayo yalikuwa na shida yake. Mzee Wambua alipenda kuwabatiza watu wa sinema ili wasikike kama majirani. Siku moja akamwita staringi Mutua. Wakamba wakapiga makofi. Wakikuyu wakauliza kwa nini wao wasipewe staringi. Sinema ya pili akamwita Kamau, na adui akamwita jina la Kikamba ili mizani ikae sawa. Ala! Benchi zima la wachonga vinyago, Wakamba watupu, likasimama, wakataka sinema irudiwe na adui abadilishwe kabila. Tangu hapo staringi akaitwa Jamaa, na adui, awe mfalme, profesa au dubwana la kutoka mbinguni, akaitwa Nyapara. Hapo ukumbi wote ukawa kitu kimoja.

Mwenye ukumbi alipoleta mchezo wa runinga, ule wa kaseti nene na vishikizo viwili vyenye waya, vijana walijaa. Kulikuwa na mtu mdogo anayekimbia na kuruka mashimo, akianguka anafa, anaanza upya. Mzee Wambua alikaa akautazama kwa umakini wa mtu aliyeko mazishini. Halafu akauliza huyu mtu anaenda wapi. Hakuna aliyejua. Akachukua maiki, na mbele ya vijana wale akaanza kusimulia kwamba mtu yule ametoka Machakos, amesikia dada yake amelazwa, na anakimbia afike kabla ya saa ya kuona wagonjwa kwisha. Mwanzoni walicheka kuvunja mbavu. Baada ya muda kicheko kikapungua. Kijana aliyeshika mchezo akatumbukia shimoni, na nikaona amekunja uso kweli kweli. Aliomba aanze tena upesi, akisema atachelewa.

Kwa hivyo msiniambie mchezo haubebi stori. Nimeuona ukibeba, tena kwa sauti ya mzee mmoja tu mwenye kikohozi.

Lakini sasa niwaambie ugonjwa wa ukumbi wetu, ambao nyinyi mmeurithi bila kujua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa "peleka mbele". Sinema ikifika mahali pa mazungumzo, watu wakikaa mezani au mama akianza kulia, ukumbi mzima ulipiga kelele: peleka mbele! Na mimi niliyekuwa kwenye deki nilibonyeza, picha zikakimbia, midomo ikichezacheza bila sauti, mpaka ngumi ya kwanza itokee. Ilikuwa desturi. Mteja ameingia, mteja anataka vita.

Matokeo yake yalikuwa vichekesho. Kuna sinema moja tulipeleka mbele mahali ambapo mwanamke fulani anamwambia Jamaa kwamba wao ni ndugu, baba mmoja. Hakuna aliyesikia. Basi mwisho Jamaa amemwokoa yule mwanamke kutoka motoni, amembeba mikononi, na badala ya kumwoa anamkabidhi kwa mwanamume mwingine na kuondoka akitabasamu. Ukumbi ukachafuka. Walimwona mpumbavu. Mzee Wambua, maskini, hakuwa na pa kujificha, ikabidi aseme kwamba wazee walikuwa wamekutana na mazungumzo ya mahari yakavunjika. Wakaridhika. Wengine walisema hata wao wangeondoka.

Nilicheka siku hiyo. Hata sasa hucheka. Lakini peleka mbele ilikuwa na upande mwingine, na huo ndio uliofanya nichukue kalamu.

Aliyepiga kelele hiyo kabla ya wote alikuwa Kariuki. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega, kibarua, mwenyeji wa Murang'a. Alikaa benchi la mbele, pembeni mwa ukuta, koti lake kubwa la bluu la kazini likiwa limekunjwa mapajani hata kukiwa na baridi. Hakuwa mkorofi. Alinisalimu vizuri, "Sasa, siz," kama anayemwita dada yake, akaketi. Ila watu wa kwenye sinema wakianza tu kuzungumza kwa huzuni, sauti yake ndiyo ilitangulia, nzito, bila mzaha: peleka mbele.

Habari zake nilizipata kwa Wanjiru, binti wa shangazi yake, aliyekuwa na kibanda cha chai kando ya ukuta wetu. Kariuki alikuwa na mdogo wake, Njuguna, kitinda mimba wa mama yao. Walisimama pamoja getini kila alfajiri, na walichaguliwa pamoja au walirudi pamoja. Siku moja, ndani ya kiwanda fulani, mashine ilimvuta Njuguna. Kariuki ndiye aliyekuwa karibu. Mwili ulipelekwa nyumbani, ukazikwa, na Kariuki hakwenda. Alisema anasubiriwa na polisi aandikishe maelezo. Baadaye akasema atakwenda Krismasi. Krismasi ikapita.

Mama yao hakuwa akiomba kitu kingine. Alituma ujumbe kwa kila aliyekuja Nairobi kwamba anataka mtu mmoja aje amwambie mwanawe alikufaje. Watu wa mazishini walikuwa wamemwambia mambo tofauti tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Huyu anasema aliteleza, huyu anasema alikuwa anachezacheza, huyu anasema hakusikia maumivu. Aliyekuwepo ni mmoja tu. Na sasa mama alikuwa mgonjwa, hatoki kitandani ila kwa kushikwa, na Wanjiru aliogopa atakufa bila kuambiwa. Alituomba mimi na Mzee Wambua tumseme Kariuki, kwa kuwa kwetu ndiko alikoshinda.

Mzee alikataa. Alisema hatumhubirii mtu aliyekuja kupumzika. Mimi niliudhika sana, nikamwambia basi ni ukatili huo. Akaendelea kunywa tangawizi yake. Wakati huo koo lilikuwa limeanza kumharibikia, siku nyingine sauti ilikuwa haitoki kabisa, na alikuwa amenikabidhi maiki. Nilisimulia nikiwa na maiki mkono huu na kidole cha mkono ule kwenye deki. Wanaume walilalamika wiki ya kwanza kwamba sauti ya mwanamke haifai vita. Niliwapa vita vya kutosha, wakanyamaza.

Ndipo ikaja ile sinema. Jamaa wa sinema hiyo alikuwa na nguvu ya kusimamisha kitu chochote kinachokwenda. Anainua kiganja, gari moshi linasimama. Nilipoitazama asubuhi, mimi na mzee peke yetu, niliona kwamba katikati yake kuna daraja linalobomoka. Jamaa amemwambia mdogo wake asimame mahali fulani, pale ni salama, kisha anakwenda kusimamisha basi lililojaa watu. Basi linasimama. Mahali pale aliposema ni salama panaporomoka. Halafu, kabla ya vita vya mwisho, Jamaa anakwenda kwa mama yake. Anaingia jikoni, anavua joho, anakaa. Hakuna muziki. Mama anamuuliza swali moja, na Jamaa, aliyesimamisha gari moshi, mwanzoni anashindwa kufungua kinywa. Ni sehemu ndefu. Nilijua watakachosema watu wangu.

Nilimgeukia Mzee Wambua nikamuuliza tufanye nini. Alinong'ona, maana ndicho alichobaki nacho, "Mashine ni yako."

Alasiri ukumbi ulijaa. Nilisimulia daraja kwa nguvu zangu zote, wakawa roho juu. Mdogo mtu alipoanguka, walitoa mguno mmoja. Kisha ukaja mlango wa jikoni, mama akageuka, na kama kawaida sauti ya Kariuki ikatangulia. Peleka mbele, siz. Wengine wakadakia. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa, nikakiweka mapajani.

Walipiga kelele, nawaambia. Mfupa mmoja uligonga nondo. Nilipiga moyo konde, nikaweka maiki mdomoni, nikawatafsiria maneno ya yule mama kama yalivyokuwa, polepole, bila chumvi. "Mwanangu, sikuulizi kwa nini hukumwokoa. Nakuuliza alikuwaje siku hiyo." Kelele zikapungua. Kariuki alisimama, koti mkononi, akaenda mpaka mlangoni akashika pazia. Mwanga kidogo ukaingia, watu wakamwambia afunge. Akafunga. Lakini alibaki upande wa ndani, amesimama na mgongo kwetu, mpaka Jamaa alipomaliza kumwambia mama yake yote. Ndipo akatoka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nikisafisha deki alipoingia. Hakunisalimu. Alisema, "Ulifanya makusudi."

Nilimwambia ndiyo.

Nilingoja anitukane, na angenitukana nisingemjibu. Badala yake aliketi. Akaniomba nimwonyeshe pale tena, pale pa jikoni. Tulitazama, mimi, yeye, na Mzee Wambua kwenye kigoda chake. Ilipokwisha alisugua uso kwa viganja, akasema huyo staringi ameandikiwa maneno. Lakini yeye, Kariuki, hajui kusema. Akifungua tu mdomo kichwa kinakimbilia ile sauti ya mashine, basi anafunga. Akaniuliza, "Unaanzia wapi?"

Vijana, nimeulizwa maswali mengi ya kazi maishani. Hilo ndilo kubwa. Nilimwambia nilichofundishwa: usianzie anguko. Wote wanajua ameanguka. Anzia asubuhi, anzia chai, anzia mtu akiwa mzima. Nikamwambia anisimulie mimi kwanza, hapo hapo, ukumbi ukiwa mtupu.

Akaanza. Waliamka, wakaenda getini, wakachaguliwa, mashine ikamvuta. Ikawa imekwisha kabla hata pamba haijakauka mkononi mwangu. Nikamwambia amepeleka mbele. Akaanza tena, akafika getini, akaruka. Nikamwuliza getini kulikuwa na nini. Mzee Wambua akasogeza kigoda chake karibu, akauliza kwa ule mnong'ono wake, taratibu kabisa, "Kariuki, unaogopa nini?"

Akalinyanyua lile koti la bluu kutoka mapajani, akatuonyesha mkono mmoja wa koti lenyewe. Ulikuwa umekatwa kwa makasi juu ya kiwiko. Miezi yote ile nilikuwa naliona koti, sikuwahi kuuona mkono ule.

Lilikuwa koti lake. Njuguna alikuwa amefua la kwake jana yake, halikukauka, na alfajiri ilikuwa na baridi. Kariuki akampa. Njuguna alikuwa mwembamba, mikono ya koti ikampita vidole. Wakiwa getini, wakingoja nyapara, alianza kuirusharusha ile mikono mirefu kama mwalimu wa kwaya, akiwaongoza vibarua wenzake, huyu sauti ya kwanza, huyu besi, mpaka watu waliokuwa wamenuna kwa njaa wakaimba. Hata askari wa geti alicheka. Nyapara akatoka akawachagua wote wawili. Ndani, mkanda wa mashine uliushika mkono wa koti. Kariuki alikimbilia swichi. Alifika, lakini alifika amechelewa.

"Nitamwambiaje mathe kwamba ni koti langu?" alisema. Alilia, mtu mzima yule, na mimi nikalia, na Mzee Wambua akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha koo.

Sikuwa na dawa. Nilimwambia tu asiliruke koti. Akiliruka, mama atasikia pengo, kila msikilizaji husikia pengo hata asipojua ni la nini. Tulikaa naye asubuhi kadhaa. Alisimulia, akakwama, akarudi nyuma. Nilimfundisha kupumua kabla ya mahali pagumu, jinsi mzee alivyonifundisha mimi. Halafu siku moja benchi lake lilikuwa tupu, na Wanjiru akaja na chai ya bure kutuambia Kariuki amekwenda nyumbani.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa amenyoa kichwa, nikaelewa kwamba mama ameshazikwa. Aliketi mahali pake pa siku zote. Hakuwa na koti. Sinema ikafika mahali pa mazungumzo, watu wakaanza kelele zao, nami nikamtazama. Alikuwa amekunja mikono, ametulia, anasikiliza.

Watu walipotoka alibaki akanisaidia kupanga mabenchi, na ndipo aliponieleza. Alimkuta mama amelala, akaketi kitandani kwake, akaanzia asubuhi. Alieleza chai, njia, baridi. Alipofika kwenye koti alipumua, akasema ni langu, mama, nilimpa mimi. Kisha akamaliza yote mpaka mwisho, mashine na swichi na yote. Mama alikuwa amefumba macho muda huo wote. Kariuki alidhani amelala, au amekasirika hawezi kumtazama. Akangoja. Mwishowe mama akapapasa blanketi mpaka akaupata mkono wake.

"Rudia pale getini," alimwambia. "Pale alipowaimbisha."

Akarudia. Mama akataka tena, akauliza ni wimbo gani, na Kariuki akauimba, akanyanyua mikono akamwonyesha jinsi mikono ya koti ilivyokuwa ikipeperuka. Mama alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Siku zote zilizobaki, kila alipopata nguvu ya kusema, alimwomba arudie pale. Kifo hakukiulizia tena.

Basi hayo ndiyo ya kazi yangu. Mzee Wambua naye amelala siku nyingi, deki niliiuza, na pale ukumbi ulipokuwa pamejengwa kitu kingine. Zamani ilibidi ukumbi mzima upige kelele ili mama wa kwenye sinema anyamazishwe. Siku hizi ni kidole kimoja, na mtu yuko peke yake.

Brayo, stima ipo. Washa mchezo wako, urudi pale kwenye ile nyumba, mlango ufunguliwe tena. Nimevuta kiti. Nataka kusikia yule mama alitaka kumwambia nini.